Kompyuta za okazioni: i7 ya zamani inaposhindwa na i5 ya mwaka uliofuata

Muulize muuzaji wa kompyuta za okazioni, iwe Goma, Bukavu, Butembo ama Bunia, bei ya mashine mbili zinazofanana kwa sura. Moja ina kibandiko cha i5, nyingine ina kibandiko cha i7. Mara nyingi ile ya i7 itatajiwa bei ya juu, na muuzaji hatakuwa na maelezo mengi: saba ni kubwa kuliko tano. Mwanafunzi anayetafuta mashine ya kuandikia TFC, ama mzazi anayemnunulia mtoto wake, atakubali. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Mwandishi wa makala hii aliikubali pia. Mezani kulikuwa na mashine mbili, mkononi dola za kutosha moja tu, na alichagua i7 akiamini amepata iliyo bora. Rafiki yake aliondoka na ile i5 na akabaki na pesa kidogo mfukoni. Miezi michache baadaye, usiku, umeme ukiwa umekatika, wote wawili walikuwa wakitengeneza video fupi za kutuma kazini. Mashine ya i7 ilipiga feni kwa nguvu, batri ikashuka haraka, na ikazima kabla video haijamalizika. Ile ya i5 ilimaliza kazi na batri ikabaki.

Batri za okazioni hazifanani, kwa hiyo usiku mmoja si ushahidi wa kutosha. Lakini ulitosha kuzusha swali: inawezekanaje tano ishinde saba? Jibu liko katika tarakimu zinazofuata baada ya i5 na i7, zile ambazo watu wengi hawazisomi. Ili kulieleza, tumechukua prosesa mbili ambazo zilifungwa ndani ya kompyuta nyingi za ofisi za Ulaya na Marekani kabla mashine hizo hazijauzwa kwa mara ya pili: Intel Core i7-7500U na Intel Core i5-8250U.

Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Kila unachobofya, kila herufi unayoandika, kila video unayofungua, hesabu yake hufanyika humo.

Namna ya kusoma jina

Prosesa hizi mbili zinatoka kiwanda kimoja, Intel ya Marekani. i7-7500U ilitangazwa mwaka 2016, na i5-8250U ilitangazwa mwezi wa nane mwaka 2017. Kati yao kuna takriban mwaka mmoja tu. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta nyembamba za kubeba, na zote zimepangiwa kiwango kimoja cha nguvu: wati 15.

Katika jina i7-7500U, ile 7 ya kwanza, iliyo karibu na herufi i, inaonyesha daraja. Ile 7 ya pili, inayoanza namba 7500, inaonyesha kizazi: kizazi cha saba. Katika i5-8250U, daraja ni 5 lakini kizazi ni cha nane. Kuanzia kizazi cha kumi, tarakimu za kizazi ni mbili: i5-10210U ni ya kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11.

Kosa la wanunuzi wengi ni kulinganisha daraja bila kuangalia kizazi. Ni sawa na kumlinganisha mwanafunzi wa kwanza wa darasa moja na mwanafunzi wa tatu wa darasa la juu yake. Cheo kinakuambia nani anaongoza ndani ya darasa lake. Hakikuambii kama yule wa kwanza wa chini anajua zaidi kuliko wa tatu wa juu.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni alama ya prosesa inayotumia nguvu kidogo. H ama HQ ni alama ya prosesa kubwa zaidi, nyingi zikiwa za wati 45, ambazo hukaa ndani ya kompyuta nzito za michezo na za kazi ngumu.

Chukudu mbili ama chukudu nne

Tofauti kubwa kati ya prosesa hizi mbili haiandikwi kwenye kibandiko. Ndani ya i7-7500U mna viini viwili vya kufanya hesabu. Ndani ya i5-8250U mna viini vinne. Kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja, kwa hiyo ya kwanza inashika kazi 4 kwa wakati mmoja, na ya pili inashika kazi 8. Kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, inayoiwezesha kupata haraka vitu inavyovitumia sana, ni megabaiti 4 kwa i7-7500U na megabaiti 6 kwa i5-8250U.

Mtu wa Goma ataelewa haraka akifikiria chukudu. Una magunia ya maharagi ya kufikisha sokoni. Tajiri mmoja ana chukudu mbili, mwingine ana chukudu nne. Kama kuna gunia moja tu la kubeba, chukudu nne hazina faida, kwa sababu gunia moja linapanda chukudu moja, na cha muhimu ni mbio za chukudu hiyo. Lakini magunia yakiwa ishirini, mwenye chukudu nne atamaliza mapema, hata kama kila moja inaenda polepole kidogo.

Kompyuta iko hivyo. Kuna kazi za gunia moja: kuandika barua, kufungua ukurasa mmoja wa intaneti, kusoma faili la PDF. Hapo prosesa hizi mbili zinakaribiana sana, kwani kiini kimoja cha i7-7500U kinaweza kupanda hadi gigahezi 3.5, na kiini kimoja cha i5-8250U kinafika gigahezi 3.4. Huwezi kuhisi tofauti hiyo kwa kidole.

Halafu kuna kazi za magunia mengi: kutengeneza video, kufinya mafaili makubwa, kubadilisha picha mia moja kwa mpigo, ama kuwa na kurasa kumi za intaneti wazi huku kinga ya virusi inakagua diski na simu ya video inaendelea. Hapo viini vinne vinaonekana. Intel yenyewe, ilipotangaza kizazi cha nane mwaka 2017, ilisema kinaweza kupita kizazi cha saba kwa hadi asilimia 40. Hayo ni maneno ya mwenye bidhaa, na neno "hadi" lina uzito wake: si kila kazi itafika huko. Lakini mwelekeo uko wazi, na unatokana na idadi ya viini, si na matangazo.

Mtego wa gigahezi

Hapa kuna mtego mwingine. Ukifungua maelezo ya mashine hizi, ya kwanza itaandika gigahezi 2.7 na ya pili itaandika gigahezi 1.6. Mnunuzi anayejua kidogo ataona amegundua siri: i5 hiyo ni dhaifu, inakimbia karibu nusu ya mwenzake.

Namba hizo ni mwendo wa msingi, ule ambao prosesa imeahidiwa kuushikilia viini vyote vikifanya kazi ngumu kwa muda mrefu bila kupita kiwango chake cha wati. Prosesa yenye viini vinne inagawanya wati zilezile 15 kwa viini vinne, kwa hiyo mwendo ulioahidiwa kwa kila kiini ni mdogo. Kukiwa na nafasi, joto likiwa chini na kazi ikiwa fupi, kila moja inapanda juu ya mwendo huo wa msingi. Mtu anayelinganisha 2.7 na 1.6 bila kuhesabu viini anapima mbio za chukudu moja na kusahau kuuliza chukudu ni ngapi.

Wati zilezile, kazi zaidi

Kwa msomaji wa kwetu, swali la umeme lina uzito kuliko swali la mbio. Anayeishi na delestaji, anayechaji kwa sola ndogo, ama anayelipa kila siku kwenye kibanda cha kuchaji, anataka kujua ni kazi kiasi gani atapata kutoka kwenye batri moja.

Wati 15 tulizotaja ni kipimo cha joto ambalo mtengenezaji wa kompyuta anapaswa kuweza kuliondoa prosesa ikifanya kazi ngumu kwa mwendo wake wa msingi. Si kwamba inakula wati 15 kila dakika. Ikiwa imetulia inakula kidogo sana, na kwa muda mfupi inaweza kupita 15. Lakini kwa kazi ngumu ya muda mrefu, kipimo hicho kinasaidia kufanya hesabu.

Kwa nini viini vinne vinavyokwenda polepole vinafanya kazi zaidi kuliko viini viwili vinavyokwenda mbio, kwa wati zilezile? Kila mwendesha pikipiki anajua sehemu ya jibu. Ukienda kwa mwendo wa wastani, petroli inakufikisha mbali. Ukikaza moto hadi mwisho, unaongeza mwendo kidogo na petroli inakwisha kwa kasi. Kiini cha prosesa kiko hivyo. Ili kipande mwendo kinahitaji volti kubwa zaidi, na ulaji wa umeme unapanda kwa volti mara volti, halafu mara mwendo. Ndiyo sababu mwendo wa mwisho wa kiini ni ghali mno. Kuongeza viini na kuviacha vyote viende kwa mwendo wa wastani ni njia ya kupata kazi nyingi bila kuongeza umeme.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kompyuta ina batri ya wati-saa 50, kiasi cha kawaida kwa mashine za ofisi za miaka hiyo. Prosesa inafanya kazi ngumu kwa wati 15, na kioo, diski na vingine vinakula wati 5. Jumla ni wati 20. Kama video inachukua dakika 60 kwenye prosesa ya viini viwili, itakula wati-saa 20, yaani asilimia 40 ya batri. Kama prosesa ya viini vinne inaifanya kazi hiyohiyo kwa kasi ya asilimia 40 zaidi, itamaliza kwa dakika kama 43 na kula wati-saa 14 hivi, chini kidogo ya asilimia 29 ya batri. Umeme unaovutwa kila dakika ni uleule, ila dakika zimepungua.

Lakini tusidanganyane upande mwingine. Kama kazi yako ni kuandika tu, usitarajie i5-8250U ikuongezee saa za batri. Wakati wa kuandika, prosesa zote mbili zinalala karibu muda wote, na kinachokula batri ni kioo zaidi. Kupunguza mwanga wa kioo kutakusaidia kuliko kubadilisha prosesa.

Tarehe ambayo kibandiko hakiisemi

Kuna sababu nyingine ya kuangalia kizazi, na hii haihusiani na mbio wala batri. Microsoft ilitoa Windows 11 mwezi wa kumi mwaka 2021, na kwenye orodha ya prosesa za Intel inazozikubali rasmi, mstari ulichorwa kwenye kizazi cha nane. i5-8250U imo. i7-7500U haimo. Prosesa chache sana za kizazi cha saba ziliongezwa baadaye, na hii si mojawapo.

Kisha tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na zinaendelea kuwaka. Ila matengenezo ya bure ya usalama hayaji tena kama zamani, isipokuwa kwa mwenye kujiandikisha kwenye mpango maalumu wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi unafika Oktoba 2026. Mtu anayetuma pesa, anayeweka nakala za vitambulisho vya wateja ama anayeshika kazi za watu kwenye flashi zinazozunguka mji mzima, ana sababu ya kulijali jambo hilo.

Wapo wanaoweka Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine za kizazi cha saba. Inawezekana, lakini Microsoft haiahidi chochote kwa mashine ya namna hiyo. Na ukumbuke kwamba faili la kuiweka lina zaidi ya giga 5. Kwa anayenunua mega kwa siku, kujaribu na kukosa ni gharama.

Hii ndiyo tofauti ya kweli kati ya mashine hizi mbili zilizo mezani. Mwaka mmoja tu unazitenganisha kiwandani, lakini mmoja amebaki ndani ya mlango na mwenzake amefungiwa nje.

Pale i7 ya zamani bado inafaa

Haya yote hayamaanishi kwamba i7-7500U ni takataka. Kama bei yake ni ya chini kuliko ile i5, na si ya juu, inaweza kuwa ununuzi mzuri kwa mtu wa kuandika, wa kusoma na wa kutuma barua pepe. Pia anayekubali kuachana na Windows anaweza kuweka Linux, kwa mfano Ubuntu ama Linux Mint, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Vyote ni vya bure, vinaendelea kupata matengenezo, na havichagui kizazi cha saba wala cha nane.

Prosesa pia si mashine nzima. Kompyuta yenye i7-7500U, RAM ya giga 8 na diski ya SSD itakupendeza kila siku kuliko yenye i5-8250U, RAM ya giga 4 na diski ya zamani inayozunguka. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kulibadilisha. Kwenye mashine nyingi za ofisi za miaka hiyo, RAM na diski zinaweza kuongezwa ama kubadilishwa baadaye, kidogo kidogo, kadiri pesa inavyopatikana. Prosesa hizi za U zimechomelewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachobaki nacho hadi mashine ife.

Na si kila kizazi cha saba kinashindwa. i7-7700HQ, kwa mfano, ina viini vinne na ni ya wati 45. Kwa kazi ngumu ya muda mrefu, mashine yake ikiwa inapoa vizuri, inaweza kuipita i5-8250U, ila inakula umeme mara nyingi zaidi na inabebwa kwa shida. Vilevile si kila kizazi cha nane kina viini vinne: i3-8130U ina viwili tu.

Namna ya kuhakikisha ukiwa dukani

Usiamini kibandiko, kwa sababu kinabandukika na kinabandikwa upya. Usiamini jina la modeli peke yake pia. ThinkPad T480, kwa mfano, inajulikana kama mashine ya kizazi cha nane, lakini baadhi ziliuzwa na prosesa za kizazi cha saba zenye viini viwili.

Omba mashine iwashwe. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Gestionnaire des tâches itafunguka. Ingia sehemu ya Performances. Jina kamili la prosesa litaonekana juu, na chini yake idadi ya viini, vinavyoandikwa Cœurs. Hapohapo utaona RAM ni ngapi na kama diski ni SSD. Inachukua chini ya dakika moja, na muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Kwa batri, fungua dirisha la amri, lile jeusi, na uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa batri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa inapojaa. Kama ya pili ni nusu ya ya kwanza, asilimia za batri tulizohesabu hapo juu zizidishe kwa mbili, ama uombe bei ishuke.

Mwisho, iache mashine icheze video kwa dakika kumi huku imefunguliwa kurasa kadhaa, na uweke mkono pembeni inapotokea hewa. Mashine ya okazioni iliyojaa vumbi ndani inapata joto mapema, na prosesa yoyote ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia mwendo ili isiungue. i5 ya kizazi cha nane iliyozibwa na vumbi inaweza kushindwa hata na ile i7. Vumbi linasafishwa, na fundi atalipwa kidogo kwa kazi hiyo. Kizazi hakisafishwi.

Basi ukiwa mezani mbele ya mashine mbili, uliza kizazi kwanza, hesabu viini, angalia RAM na diski, pima batri, ndipo uulize bei. Na muuzaji akikuambia tena kwamba saba ni kubwa kuliko tano, mwonyeshe tarakimu inayofuata.